Kijana Kamaliza Kidato cha Sita: Aende Chuo Gani?

Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa saba, matokeo ya kidato cha sita hutoka. Kwa wazazi wengi vijijini siku hiyo ni ya furaha, na ni ya hofu pia. Furaha kwa sababu mtoto amefaulu. Hofu kwa sababu sasa linakuja swali gumu: aende chuo gani, akasome nini, na fedha zitatoka wapi?

Tulikutana na swali hili katika darasa letu la kisomo. Mama mmoja mwenzetu alikuja na karatasi mbili mkononi. Alikaa kwenye benchi, akazifungua, akaanza kusoma kwa kidole, neno kwa neno. Hakuna aliyemsaidia. Karatasi hizo binti yake alikuwa amezichapisha mjini. Amekubaliwa na vyuo viwili.

Karatasi ya kwanza ilitoka chuo cha mjini. Masomo yake yana jina refu na tamu la utawala wa biashara. Karatasi ya pili ilitoka Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Masomo yake ni sayansi ya wanyama. Binti alitakiwa athibitishe chuo kimoja tu, na siku zilizobaki zilikuwa chache.

Mama akatuambia, "Jamani, jirani zangu wananicheka. Wanasema, mtoto kasoma miaka yote hiyo, halafu arudi kuchunga? Lakini mwenyewe anataka ng'ombe. Mimi nifanye nini?"

Darasa lote likaanza kubishana. Na ubishi ule ndio uliotufanya tuandike makala hii.

SINDANO ILIYOTETEMEKA

Mzee mmoja alisimama akatoa kisa. Zamani kidogo alikuja kijijini kwao kijana mtaalamu wa mifugo. Alikuwa na vyeti vizuri. Akawafundisha wafugaji chini ya mwembe, na maneno yake yalikuwa mazuri kweli. Alijua habari za kupe, za ndigana na za majosho. Basi wafugaji wakamletea dume moja alichome sindano. Lo! Mkono wa kijana ukatetemeka. Dume likarusha teke, sindano ikaanguka kwenye kinyesi. Mwishowe mchungaji wa miaka kumi na tano ndiye aliyelishika dume na kumwonyesha pa kuchoma.

Watu walicheka. Lakini mzee akasema, "Mimi sikucheka. Niliona huruma. Kijana yule hakuwa mjinga. Alisomeshwa ng'ombe wa kwenye ubao, hakupewa ng'ombe wa kweli."

Wahenga walisema: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Nta inaonekana, lakini utamu haupo.

SI JAMBO JIPYA

Ndugu msomaji, shauri hili la kusoma kwa vitendo si geni nchini kwetu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea. Alisema elimu tuliyorithi kutoka kwa wakoloni inamtenga kijana na kazi za watu wake. Alitaka shule iwe na shamba na karakana, ili mwanafunzi ajifunze kwa kutenda.

Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Liliamua kwamba kijana amalizapo kidato cha sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Aende kwanza kufanya kazi, aonekane mwenendo wake kazini, ndipo achaguliwe. Utaratibu huo haupo tena. Leo kijana anaweza kutoka shuleni na kuingia chuo kikuu mwaka huo huo.

Maana yake ni nini? Zamani kijana alifika chuoni akiwa ameshaonja kazi. Siku hizi wengi hawajaonja. Kwa hiyo chuo chenyewe ndicho kinachotakiwa kuwaonjesha. Kama chuo hakifanyi hivyo, kijana atamaliza digrii yake bila kuona kazi yake hata siku moja. Ndiyo maana ni lazima tuchague kwa macho mawili.

CHUO CHA VITENDO KIKOJE?

Kila chuo kina darasa, ubao na vitabu. Hivyo ni vya lazima, tusividharau. Daktari asiyejua vitabu ni hatari. Lakini chuo cha vitendo kina kitu cha pili: kina mahali pa kufanyia kazi yenyewe. Hebu tuone mifano ya hapa Tanzania.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kipo Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mafunzo ya kilimo yalianza pale mwaka 1965, kikiwa chuo cha kawaida cha kilimo. Mwaka 1969 kikawa tawi la kilimo la elimu ya chuo kikuu. Mwaka 1984 kikawa chuo kikuu kamili, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Morogoro mwezi wa nne mwaka huo huo. Chuo kina mashamba, mifugo na hospitali ya wanyama. Kina msitu wa kufundishia huko Olmotonyi, Arusha. Mwanafunzi wa misitu huenda kupima miti iliyosimama, haishii kuona picha ya mti. Tena hapo Morogoro ndipo panya wanapofundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Unaona? Hata panya anasoma kwa vitendo!

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1986. Mwaka 2005 kikawa taasisi, na mwaka 2012 kikawa chuo kikuu. Hapo husomwa uhandisi wa majengo, umeme, mitambo na mengine ya namna hiyo.

Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina historia ya kutoka mwaka 1957, na ilipata jina la taasisi mwaka 1997. Haiitwi chuo kikuu, lakini inatoa digrii. Ina tawi Mwanza linalofundisha teknolojia ya ngozi. Sisi wafugaji tunaotupa ngozi au kuziuza kwa bei ya kutupa, tuna la kufikiri hapo.

Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili kiko pamoja na hospitali. Udaktari wa binadamu husomwa miaka 5, kisha mhitimu hufanya kazi hospitalini mwaka 1 chini ya wakubwa wake kabla hajaachiwa mgonjwa peke yake.

Hii ni mifano tu. Viko vyuo vingine, vya serikali na vya watu binafsi. Na hatusemi kwamba kila somo katika vyuo hivi ni la vitendo, wala hatusemi kwamba vyuo vingine ni vibaya. Jina la chuo halitoshi. Lazima kuuliza.

MASWALI SABA YA KUULIZA

Tunaponunua jembe hatusomi karatasi iliyobandikwa juu yake na kulipa. Tunaligonga tusikie mlio. Tunapima mpini. Basi na chuo tukigonge hivyo hivyo.

1. Je, chuo kinatambuliwa? Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Vyuo vya ufundi na vya kati husimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Usiulize chuo peke yake, uliza na somo lenyewe. Chuo kinaweza kuwa na kibali, lakini somo moja likawa halina. Kila mwaka Tume hutoa kitabu cha mwongozo chenye orodha ya vyuo, masomo na sifa zinazotakiwa. Kinapatikana bure kwenye intaneti. Mwombe mwalimu wa sekondari au kijana mwenye simu akufungulie, nawe usome mwenyewe.

2. Je, mwanafunzi atashika nini kwa mikono yake? Uliza kama kuna karakana, maabara, shamba au hospitali. Uliza pia mashine ngapi kwa wanafunzi wangapi. Mashine moja ya kukereza vyuma ikizungukwa na vijana sitini, wawili wanajifunza na hamsini na wanane wanatazama.

3. Je, kuna fildi? Fildi ni muda ambao mwanafunzi anatoka chuoni kwenda kufanya kazi kiwandani, shambani, ofisini au hospitalini. Uliza ni wiki ngapi, na ni kila mwaka au mara moja tu. Uliza nani anamtafutia nafasi. Uliza kama mwalimu humfuata huko kumkagua. Fildi bila ukaguzi mara nyingi huishia kwenye kuchemsha chai na kutoa kopi za karatasi.

4. Je, wanaofundisha wamewahi kuifanya kazi hiyo? Mwalimu wa ujenzi aliyejenga daraja hufundisha tofauti na aliyelisoma daraja.

5. Je, akimaliza ataruhusiwa kufanya kazi? Kazi nyingine huhitaji kusajiliwa na bodi au baraza la taaluma, kwa mfano uhandisi, udaktari, uuguzi na udaktari wa mifugo. Kama bodi haitambui somo hilo, cheti kitabaki ukutani.

6. Je, waliomaliza wako wapi? Hili ndilo swali kubwa. Mtafuteni kijana aliyemaliza somo hilo miaka miwili mitatu iliyopita. Mwulizeni: umeajiriwa? Umejiajiri? Kitu gani chuo kilikufundisha, na kitu gani hukufundishwa?

7. Je, kijana mwenyewe anapenda? Mtoto anayeogopa damu msimpeleke uuguzi kwa sababu tu ajira ipo. Tumlazimishe punda kwenda mtoni, lakini kunywa maji ni juu yake.

TUSIPOULIZA

Tunaijua familia moja iliyouza shamba la ekari mbili ili kumpeleka kijana chuo. Jina la chuo hatulitaji. Somo lilikuwa na jina zuri sana. Baada ya mwaka mmoja ikajulikana kwamba somo hilo halikuwa na kibali. Kijana akarudi nyumbani. Ada haikurudi. Shamba ndilo lile, sasa mtu mwingine anapanda mahindi ndani yake, na baba anapita hapo kila asubuhi akienda kulima kibarua.

Swali moja tu lingeokoa shamba lile. Swali namba 1.

HESABU YA NG'OMBE

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chukua kalamu. Bei hizi ni za mfano. Wewe weka bei za kweli za chuo chako na mnada wako.

Tuseme ada ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka. Somo la miaka 3 ni shilingi 3,900,000. Tuseme ng'ombe mmoja mnadani ni shilingi 650,000. Ada peke yake ni ng'ombe 6. Somo la miaka 5, kama udaktari wa mifugo, ni shilingi 6,500,000. Hao ni ng'ombe 10.

Bado chakula. Tuseme shilingi 5,000 kwa siku. Mwezi wa siku 30 ni shilingi 150,000. Miezi 8 ya masomo ni shilingi 1,200,000 kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni shilingi 3,600,000. Kumbe chakula kinakaribia kuwa sawa na ada! Wazazi wengi wanahesabu ada na kusahau tumbo.

Tena masomo ya vitendo yana gharama zake: mabuti, koti jeupe, vifaa, nauli ya kwenda fildi. Ulizeni mapema, msije mkashtuka katikati ya safari.

MKOPO WA SERIKALI

Ipo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi mwaka 2005. Inamkopesha mwanafunzi mhitaji fedha za chakula na malazi, vitabu, ada, mahitaji ya masomo yake na mafunzo kwa vitendo. Wengine hupata vyote, wengine sehemu, wengine hawapati. Kwa hiyo msikae mkitegemea mkopo peke yake.

Maombi hufanywa kila mwaka kwa muda uliopangwa. Mzazi, kazi yako ni karatasi. Zitafute mapema: cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichohakikiwa, cheti cha kifo kama mzazi mmoja au wote wamefariki, namba ya kaya kama mnasaidiwa na TASAF, na sahihi ya kiongozi wa kijiji au mtaa. Vijana wengi wakimaliza mtihani wa kidato cha sita huitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa. Akiwa huko, wewe nyumbani usilale. Fuatilia cheti.

Na jueni kwamba mkopo si zawadi. Unalipwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Tuseme mshahara ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Asilimia 15 ni shilingi 90,000. Kama alikopa shilingi 9,000,000, atalipa kwa miezi 100. Hiyo ni miaka 8 na miezi 4. Ni mzigo, lakini unabebeka kama kazi ipo. Kazi isipokuwepo, deni lipo vile vile. Hii ni sababu nyingine ya kuchagua somo linaloleta kazi.

MLANGO HUFUNGWA MAPEMA

Jambo moja wazazi wengi hatulijui. Chuo huchaguliwa kidato cha sita, lakini mlango hufunguliwa au hufungwa tangu kidato cha tano. Pale ndipo mwanafunzi anapochukua masomo matatu makubwa. Aliyesoma Fizikia, Kemia na Biolojia anaweza kuomba udaktari. Aliyesoma Fizikia, Kemia na Hisabati anaweza kuomba uhandisi. Aliyesoma Historia, Jiografia na Kiingereza hawezi kuomba udaktari hata akipata alama A zote. Kwa hiyo wenye watoto kidato cha nne, mazungumzo haya ni yenu leo.

Kuingia chuo kikuu kwa kawaida huhitaji angalau masomo mawili yaliyofaulu kwa kiwango cha juu, yaani kati ya A na E, na pointi za kutosha kwa somo analoomba. Asiyefikia hapo asilie. Kuna njia ya pili. Anaweza kuingia chuo cha kati akasoma diploma ya kilimo, mifugo, uvuvi, uuguzi au ufundi. Hata aliyeishia kidato cha nne anaweza kuanzia hapo. Akifaulu diploma vizuri anaweza kuendelea na digrii. Njia ni ndefu, lakini anayepita huko hufika chuo kikuu mikono yake ikiwa imeshajua kazi. Na tangu mwaka wa masomo 2023/2024 mikopo ilianza kutolewa hata kwa baadhi ya wanafunzi wa diploma, katika fani zilizochaguliwa.

TUSEME UKWELI

Hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu. Chuo cha vitendo hakimpi kijana ajira mkononi. Wako wahandisi wasio na kazi. Wako wataalamu wa kilimo wanaotembeza barua mjini. Tena kusoma biashara si kosa. Vyama vyetu vya ushirika vimeanguka mara nyingi kwa kukosa watu wanaojua kutunza hesabu. Tofauti ni hii: mwenye ujuzi mikononi akikosa mwajiri, anaweza kuanza na kidogo alichonacho. Anaweza kuchanja kuku wa kijiji, kupima shamba, kufunga umeme wa jua. Hali mkate wa kusubiri tu.

Na lile la kuchekwa? Ndugu zangu, tuache. Tunamheshimu aliyevaa tai, halafu ng'ombe akivimba tumbo usiku tunakimbilia nani?

MAMA ALIFANYAJE?

Darasa letu liligawana kazi. Mmoja alimpigia simu mpwa wake aliyesoma Morogoro. Mwingine alikwenda sekondari kumwomba mwalimu awafungulie kitabu cha mwongozo. Masomo yote mawili yalikuwa na kibali. Mpwa akasema ukweli: fildi ipo, kazi ni ngumu, wenzake wengine wameajiriwa, wengine wanafuga kuku wa mayai, wengine bado wanatafuta.

Kisha mama akamwita binti yake, akamuuliza mbele yetu, "Mwanangu, wewe wasemaje?"

Binti akajibu, "Mama, nilipokuwa darasa la tano ndama wetu wanne walikufa kwa ndigana katika wiki moja. Hakuna aliyejua la kufanya. Mimi nataka kuwa yule anayejua."

Mama akakunja ile karatasi ya kwanza akaiweka mfukoni. Ile ya pili akampa binti. "Kathibitishe," akasema. Kisha akatugeukia: "Wakicheka, nitawaambia nimeisoma mwenyewe."

Hatujui bado binti atafika wapi. Lakini safari hii hakuna aliyechagua gizani.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Kwa nini mkono wa mtaalamu yule ulitetemeka?
2. Taja maswali matatu ya kuuliza kabla ya kuchagua chuo.
3. Ada ni shilingi 1,100,000 kwa mwaka. Somo ni la miaka 4. Jumla ni kiasi gani? Ni ng'ombe wangapi kwa bei ya mnada wenu?
4. Karatasi gani za mkopo mzazi anaweza kuzitafuta akiwa kijijini?
5. Kijiji chenu kina upungufu wa mtaalamu gani? Je, yuko kijana wenu anayeweza kusomea kazi hiyo?